Jumamosi, Dakika Ishirini

Saa tisa na robo usiku, Kariobangi South.
Stima zimepotea tangu saa sita
na jenereta inanguruma kama kawaida.
Hilo ndilo linalomchanganya Bi Gathoni.
"Fundi, si unaisikia? Inafanya kazi!"
Naisikia. Mabati yanaisikia,
mbwa wa jirani wanaisikia na kuijibu.
Lakini balbu ya mlangoni ni nyeusi,
mashine ya kukandia imekwama katikati ya donge,
na donge halingoji mtu:
hamira imeshapata sukari yake,
unga unafura juu ya ukingo wa karai
kama mtu aliyetukanwa mbele ya wageni.

Naanza na yale ya aibu,
yale ambayo mafundi hupata kisha hawasemi.
Breka iko juu.
Fyuzi nzima.
Mizunguko elfu moja na mia tano, haipandi haishuki.
Brashi za kaboni bado ndefu kama kiungo cha kidole changu kidogo.
Nainama, nanusa koili. Ndiyo, nanusa;
vanishi ikiungua, harufu yake hukaa mwaka.
Hainuki.
Nagusisha mita kwenye nyaya,
natarajia mia mbili na thelathini.
Nusu volti.
Betri ya redio inaishinda.

"Iliwashwa lini mara ya mwisho?"
Anafuta mikono kwenye aproni, mara mbili,
ingawa mikono haina kitu.
Anakwenda, anarudi na daftari lenye madoa ya mafuta.
Mwandiko wa mtu aliyebonyeza kalamu hadi karatasi ikavimba nyuma:

Jmosi. Dak. 20. Sawa.
Jmosi. Dak. 20. Sawa.
Jmosi. Dak. 25. Mkanda unalia. Sawa.

Ukurasa kwa ukurasa, hadi Agosti.
Halafu mistari mitupu.
Sasa ni Machi.
Simuulizi. Picha yake iko juu ya rafu ya chumvi,
koti la kijivu, kalamu mfukoni.

Nazima injini. Kimya kinatuangukia wote,
na ndani ya kimya hicho namweleza:
kwenye rota mna chuma, na chuma hubaki na sumaku kidogo,
masalia tu, kama majani ya chai chini ya kikombe.
Umeme huanzia kwenye hayo masalia.
Ikikaa miezi bila kuzungushwa, huisha.
Mashine si mbovu, mama. Imesahau.
"Chuma husahau?"
Anaiangalia kama anayetaka kuigombeza.

Otwori, msambazaji, anang'oa betri ya pikipiki yake
akinikumbusha kwamba saa kumi na moja anaihitaji.
Nachomoa nyaya mbili za kidhibiti,
chanya kwa chanya, hasi kwa hasi;
ukikosea hapa utaifunza kinyumenyume.
Nagusisha. Cheche, ndogo, ya buluu.
Nahesabu hadi tano.
Kwa nini tano, sijui. Niliyemkuta akifanya hivi kule Kamukunji
alihesabu tano, nami sijawahi kuthubutu sita.
Narudisha nyaya. Nawasha.

Mshale wa volti unalala.
Unalala.
Otwori anasema, "Ai."
Kisha unatikisika, unapanda kama mtu anayetafuta viatu gizani,
mia moja, mia na themanini, unapita, unarudi,
unasimama.
Balbu. Friji. Mashine ya kukandia inashtuka na kuendelea
palepale ilipoachia, kana kwamba ilikuwa inavuta pumzi.

Trei mbili za kwanza zilishachacha, hazifai.
Bi Gathoni hazitazami.
Amekaa juu ya gunia la unga, daftari pajani.
"Kila wiki?"
"Kila wiki. Na uipe mzigo, usiiwashe bure."
Anaandika, akibonyeza sana:
Jnne. Dak.
Anainua kichwa. "Dakika ngapi?"
Nasikiliza injini.
"Acha wazi kwanza," namwambia. "Bado inaendelea."